Kabla ya Kuvuta Kamba: Namna ya Kutumia Jenereta Ndogo kwa Usalama na kwa Faida

Mkazi wa Kigoma hahitaji kuelezwa jenereta ni nini. Kwa miaka mingi mji huu ulipata umeme kutoka kwenye mitambo ya dizeli ya TANESCO, na hata baada ya mwaka 2022, mkoa ulipoanza kuunganishwa na Gridi ya Taifa, jenereta ndogo za petroli hazikuondoka majumbani wala madukani. Mvua zinazoanza Oktoba au Novemba na kuendelea hadi Aprili au Mei huja na radi pamoja na upepo unaoangusha matawi juu ya nyaya. Vipo vijiji vya mwambao wa Ziwa Tanganyika ambavyo hufikiwa kwa boti kuliko kwa gari, na zipo shughuli za harusi, misiba na mikutano ambazo hufanyika viwanjani, mbali na soketi yoyote. Zaidi ya hayo, jenereta ni chombo kinachoazimwa: hutoka kwa jirani mmoja kwenda kwa mwingine bila kitabu chake cha maelekezo, na anayeiazima huonyeshwa jambo moja tu, yaani namna ya kuvuta kamba.

Kuvuta kamba ndiyo sehemu rahisi kuliko zote. Ajali nyingi za jenereta huwa zimekwisha kutayarishwa injini ikiwa bado kimya: katika mahali mashine ilipowekwa, katika waya uliochaguliwa, na katika namna petroli ilivyomiminwa. Kwa hiyo sehemu kubwa ya mwongozo huu inahusu mambo ya kufanya kabla ya kuwasha. Unaihusu jenereta ya petroli inayoweza kubebwa na mtu mmoja au wawili, kuanzia zile ndogo za wati 650 hadi zile za takriban kilowati tano. Na kabla ya yote, ikiwa nyumba imekuwa giza, angalia kwanza kama jirani naye yuko gizani; nimewahi kuwasha jenereta kwa saa nzima kumbe ni uniti za LUKU zilizokwisha.

Mahali pa kuiweka

Hatari kubwa ya jenereta si umeme wake bali ni moshi wake. Injini ya petroli hutoa gesi iitwayo kaboni monoksidi, ambayo haina rangi wala harufu. Ile harufu kali tunayoisikia kwenye moshi hutokana na vitu vingine, hivyo kutosikia harufu si dalili ya kuwa hewa ni salama. Gesi hii ikivutwa hujishikiza kwenye himoglobini ya damu kwa nguvu inayozidi ile ya oksijeni zaidi ya mara 200, na mwili huanza kukosa hewa huku mtu akiendelea kupumua kama kawaida. Ndiyo gesi ileile inayowaua watu waliolala na jiko la mkaa chumbani, jambo ambalo kila mmoja wetu amekwisha kulisikia. Tofauti ni kwamba injini huitoa kwa wingi zaidi na kwa muda mfupi zaidi.

Naandika haya kwa sababu kosa hili nimelifanya mwenyewe. Nilipokuwa na steshonari ndogo maeneo ya Mwanga, hapa mjini, niliiweka jenereta kwenye korido ya nyuma, kwa kuogopa wezi na mvua, nikaacha mlango wa uani wazi nikiamini kwamba moshi ungetoka wenyewe. Mchana wa tatu, mimi na kijana aliyekuwa akinisaidia kutoa kopi tuliumwa kichwa kwa wakati mmoja, yeye akatapika, na wazo letu la kwanza, kama ilivyo kwa watu wengi wa huku, likawa malaria. Vipimo havikuonyesha vijidudu. Aliyetuambia ukweli ni fundi wa injini za boti kutoka Kibirizi, aliyekuja kutoa kopi ya leseni yake, akasimama mlangoni na kukataa kuingia.

Kumbe mlango ulioachwa wazi hautoshi, dirisha lililofunguliwa halitoshi, na feni haisaidii. Jenereta inapaswa kukaa nje kabisa, umbali usiopungua mita sita kutoka kwenye mlango, dirisha au tundu lolote la hewa, na eksozi yake ielekezwe upande usio na watu. Usiiweke barazani, wala kwenye gereji, wala kwenye chumba kisichokamilika kujengwa, hata kama hakina paa lote. Fikiria pia nyumba ya jirani, kwa maana mita sita kutoka dirishani kwako zinaweza kuwa mita mbili kutoka dirishani kwake, hasa katika mitaa iliyobanana kama ile ya Ujiji.

Kwa wanaokaa karibu na ziwa kuna jambo moja zaidi la kuzingatia. Mchana upepo huvuma kutoka ziwani kuelekea nchi kavu, na usiku hugeuka ukatoka nchi kavu kwenda ziwani. Mahali palipoonekana pazuri saa tisa alasiri, moshi ukienda zake mbali na nyumba, panaweza kuwa pabaya saa tatu usiku, moshi uleule ukirudi madirishani. Kwa sababu hiyo, na kwa sababu aliyelala hahisi dalili zozote, sishauri kamwe jenereta iachwe ikinguruma wakati watu wa nyumba wamelala.

Dalili za sumu hii ni kuumwa kichwa, kizunguzungu, kichefuchefu, kuishiwa nguvu na kuchanganyikiwa. Alama ya kuitofautisha na homa ni kwamba huwapata watu kadhaa wa nyumba moja kwa pamoja na hupungua wanapotoka nje. Hilo likitokea, wapelekeni watu wote nje kwenye hewa safi kwanza, ndipo mashine izimwe, kisha waliozidiwa wapelekwe hospitali bila kusubiri waone kama watapata nafuu. Mwambieni daktari waziwazi kwamba palikuwa na jenereta, kwa maana asipoambiwa anaweza kuanza, kama tulivyoanza sisi, na kipimo cha malaria.

Hofu ya wezi na mvua ni ya kweli, na ndiyo inayowafanya watu waingize mashine ndani. Dawa yake ni kuzika kipande cha nondo kilichokunjwa kama pete ndani ya zege, uani, na kuifunga jenereta hapo kwa mnyororo na kufuli, kisha kujenga juu yake paa dogo la bati lililo juu kiasi cha mtu kusimama, likiwa wazi pande zote nne. Usiweke turubai juu ya mashine inayofanya kazi, kwa kuwa huzuia hewa ya kuipoza na linaweza kushika moto kwa joto la eksozi. Sakafu iinuliwe kidogo ili maji ya mvua yasituame, na anayeigusa mashine awe na mikono mikavu na amevaa viatu.

Kuujua mzigo

Watu wengi huuliza jenereta inaweza kuwasha vitu vingapi, ilhali swali linalofaa ni wati ngapi. Kila kifaa kina kibandiko kinachoonyesha wati zake. Chukua nyumba yenye friji la wati 150, televisheni ya wati 80, king'amuzi cha wati 20, feni ya wati 60, balbu sita za LED za wati tisa kila moja, na chaja nne za simu zinazotumia jumla ya wati 40. Jumla yake ni wati 404, na mwenye haraka atasema kijenereta cha wati 650 kinamtosha. Hakimtoshi, kwa sababu friji, kama ilivyo kwa pampu ya maji na kila chenye mota, huhitaji wati mara tatu hadi sita ya zile za kawaida katika nukta chache za kuanza. Friji hilo linaweza kudai wati 900 kwa kishindo kimoja. Ukijumlisha na vitu vingine vilivyokwisha kuwashwa, unafikia wati 1,154.

Sasa tazama kibandiko cha jenereta yenyewe. Mara nyingi kina namba mbili: uwezo wa juu kabisa, ambao mashine huuhimili kwa muda mfupi tu, na uwezo wa kudumu, ambao ndio wa kuufanyia hesabu. Muuzaji hukutajia ule mkubwa. Pale kibandiko kinapoandika kVA badala ya kilowati, zidisha kwa 0.8 ili uwe upande wa usalama. Jenereta ya kVA 2 ihesabiwe kuwa ya wati 1,600. Kisha punguza kidogo kwa ajili ya mwinuko, kwa sababu injini isiyosukumiwa hewa, yaani isiyo na tabo, hupoteza takriban asilimia tatu na nusu ya nguvu zake kwa kila mita 300 juu ya usawa wa bahari. Ziwa Tanganyika liko takriban mita 770, hivyo hapa mjini zinabaki wati zipatazo 1,450, na ukipanda kuelekea Kasulu au Buhigwe hupungua tena. Hizo zinaitosha nyumba yetu ya mfano, na injini haitalemewa. Mashine hufanya kazi vizuri zaidi inapobeba kati ya nusu na robo tatu ya uwezo wake wa kudumu; ikizidishiwa hupata joto na kuunguza koili, na ikiachwa muda mrefu na balbu mbili tu hula petroli bure na kujaza masizi kwenye plagi ya injini, ile inayotoa cheche.

Pasi ya umeme, birika la umeme na jiko la umeme viwekwe pembeni. Kila kimoja hula wati 1,000 hadi 2,000, na kwa bei ya petroli hakuna chai inayostahili gharama hiyo.

Friji nalo halihitaji umeme wa saa zote. Likifungwa vizuri hutunza ubaridi kwa takriban saa nne, na friza iliyojaa huweza kukaa hata siku mbili bila kuyeyuka, au siku moja ikiwa imejaa nusu, mradi usiifungue kila mara. Mwenye kuuza samaki aina ya migebuka wa barafu hana haja ya kuacha injini ikinguruma usiku kucha. Muda wa saa moja na nusu jioni na mwingine kama huo alfajiri, pamoja na nidhamu ya kutofungua kifuniko, humtosha katika katizo la kawaida la umeme, na petroli anayookoa ni nyingi, kwa kuwa jenereta ya ukubwa huu hutumia kiasi cha lita moja kwa saa, pungufu au zaidi kulingana na mzigo.

Nyaya

Njia iliyo salama kwa mtu asiye fundi ni kuchomeka vifaa moja kwa moja kwenye jenereta kupitia ekstensheni nzito. Waya wake uwe wa milimita 2.5 za mraba, wenye nyuzi tatu ndani, yaani laini unaoleta umeme, nyutro unaourudisha na eathi unaoupeleka ardhini ukivuja, na uwe wa kutumika nje. Kama umezungushwa kwenye gurudumu, ufungue wote hata kama umbali ni mfupi, kwa sababu waya uliojikunja ukibeba umeme mwingi hupata joto na kuyeyuka. Usiupitishe chini ya zulia wala kuubana na mlango. Nimewahi kuona waya wa spika ukibeba friji kwenye ukumbi wa harusi, na nilipougusa ulikuwa moto kama kikombe cha chai.

Jambo lisilofanywa kwa hali yoyote ni kutengeneza waya wenye plagi pande zote mbili, upande mmoja ukachomekwa kwenye jenereta na wa pili kwenye soketi ya ukutani ili nyumba nzima iwake. Wapo wanaojisifu kwa ujanja huu. Umeme huo hauishii ndani ya nyumba. Usipozimwa kwenye meni swichi hutoka kupitia mita hadi kwenye nguzo, hufika kwenye transfoma, na huko transfoma hufanya kazi yake kinyumenyume, ikaupandisha kutoka volti 230 hadi volti 11,000 au 33,000 kulingana na laini iliyopo. Fundi wa TANESCO aliyepanda nguzo akiamini laini imezimwa anaweza kufa kwa umeme uliotoka sebuleni kwako. Na umeme wa gridi ukirudi ghafla hugongana na wa jenereta, koili zikaungua, pengine moto ukazuka. Hata plagi yenyewe ikichomoka ukutani, meno yake yanakuwa wazi yakiwa na umeme, na mtoto yuko karibu. Kusema kwamba utakumbuka kuzima meni swichi kila mara si kinga, kwa kuwa siku moja atawasha mtu mwingine.

Anayetaka kuwasha nyumba kupitia nyaya zake za ukutani aweke swichi ya kubadilishia, ambayo mafundi huiita chenjiova. Ina nafasi tatu: ya gridi, ya katikati isiyo na umeme wowote, na ya jenereta, na imetengenezwa ili pande mbili zisiweze kukutana hata mtu akisahau. Swichi hiyo iwe ya aina inayohamisha laini pamoja na nyutro. Kazi hii na ile ya eathi afanye fundi mwenye leseni ya EWURA, mamlaka inayodhibiti huduma za nishati na maji, na umwombe aichagulie jenereta saketi chache, kwa mfano za taa na soketi ya friji, badala ya nyumba nzima.

Petroli, kuwasha na kuzima

Mvuke wa petroli ni mzito kuliko hewa, hivyo hutambaa chini na kutafuta moto ulio mbali, kama vile jiko la mkaa lililoko upande wa pili wa ua. Jaza tangi kabla ya giza, mashine ikiwa imezimwa na imepoa kwa dakika 15 hivi. Mafuta yakiisha katikati ya sherehe, wageni watasubiri dakika hizo. Mulika kwa tochi, usimulike kwa koroboi wala mshumaa wala kiberiti. Usijaze hadi mdomoni, kwa kuwa petroli hutanuka kwa joto, na ikimwagika ifute kisha usubiri ikauke kabla ya kuwasha. Ihifadhi kwenye dumu linalofungika vizuri, lililotengenezewa mafuta, nje ya nyumba ya kulala, na kamwe isiwe kwenye chupa ya maji ya kunywa, ambayo mtoto ataidhania ni kinywaji. Karibu na mashine iwepo ndoo ya mchanga mkavu au kizima moto cha poda. Maji huusambaza moto wa petroli badala ya kuuzima. Namba ya Jeshi la Zimamoto na Uokoaji ni 114.

Hapa pia ndipo panapokosewa kuhusu oili. Vijenereta vidogo vya mapigo mawili havina oili kwenye injini, hivyo oili huchanganywa na petroli, mara nyingi kwa uwiano wa moja kwa 50, yaani mililita 20 kwa kila lita, isipokuwa kitabu chake kikisema vinginevyo. Zile kubwa za mapigo manne zina oili yake peke yake, na petroli yake haichanganywi na chochote. Anayeazima aulize ni ya aina gani, kwa sababu mashine ya mchanganyiko ikitiwa petroli tupu hukwama baada ya muda mfupi, na huo ndio mwisho wake.

Kwa kuwasha, weka mashine mahali palipo sawa, kagua oili kwa kijiti chake ikiwa ni ya mapigo manne, fungua koki ya mafuta, vuta choki ikiwa injini ni baridi, kisha vuta kamba polepole hadi uhisi inakaza, ndipo uivute kwa nguvu moja. Hakuna kifaa chochote kinachopaswa kuwa kimechomekwa wakati huu. Rudisha choki taratibu, iache injini itulie kwa dakika mbili au tatu, halafu ongeza mzigo kimoja kimoja ukianza na friji, kwa kuwa ndilo lenye kishindo kikubwa, na ukimalizia na televisheni au kompyuta. Friji gadi, yaani kifaa kinacholinda friji dhidi ya umeme unaopanda na kushuka, ni rafiki mzuri hapa. Kuzima ni kinyume chake: vifaa kwanza, kisha injini ingurume tupu dakika mbili ili ipoe, ndipo swichi. Kuiacha izimike yenyewe kwa kuishiwa mafuta huku vifaa vikiwa vimeunganishwa hufanya umeme upande na kushuka katika dakika za mwisho, na vifaa vya watu huungua hapo.

Fundi asikushawishi kuongeza mzunguko wa injini ili "ipate nguvu". Jenereta nyingi za aina hii zimepangwa kuzunguka mara 3,000 kwa dakika, ambazo ndizo zinazotoa herzi 50 za umeme wetu. Ukizibadili, volti hupanda nazo.

Kwa wavuvi wanaobeba jenereta ziwani kwa ajili ya taa za dagaa, yote yaliyosemwa hapo juu yanazidi uzito. Mvuke wa petroli hukaa chini kwenye sakafu ya mtumbwi, hauna pa kutokea, kwa hiyo mashine ifungwe juu, nyuma, upande ambao upepo unatoka kwa watu kwenda majini, na isijazwe mafuta wakati taa zinawaka. Isiwekwe kamwe ndani ya kibanda cha boti watu wanamolala.

Matunzo na kuihifadhi

Oili ya kwanza ya jenereta mpya ya mapigo manne hubadilishwa baada ya saa 20 za kazi, kwa sababu chuma kipya husagika na kuacha vumbi ndani yake. Baada ya hapo, kila saa 50 hadi 100. Kwa kuwa mashine nyingi ndogo hazina mita ya saa, mimi hufunga daftari dogo kwenye nguzo ya kibanda na kuandika muda wa kuwasha na kuzima. Chujio la hewa lisafishwe mara kwa mara zaidi wakati wa kiangazi, vumbi jekundu la barabarani linapoingia kila mahali, na plagi ya injini itolewe masizi kwa brashi ya waya.

Ikiwa umeme umetulia na hutarajii kuitumia, iwashe mara moja kwa mwezi kwa dakika 20 ikiwa na mzigo kidogo. Ikiwa itakaa miezi bila kazi, petroli iliyoachwa ndani hugeuka utomvu unaoziba njia nyembamba za kabureta, na hiyo ndiyo sababu ya kawaida ya mashine kugoma kuwaka siku ya shida. Funga koki ya mafuta, iache injini imalize yaliyomo kwenye kabureta hadi ijizime yenyewe bila kifaa chochote kikiwa kimechomekwa, halafu toa yaliyobaki tangini. Yangu huyamimina kwenye tangi la pikipiki, isipokuwa yakiwa ya mchanganyiko. Hayo huyafunga kwenye dumu, nikaandika tarehe juu yake, na kumpelekea mwenye kijenereta kidogo atakayeyamaliza mwezi huohuo.